Upeo ni mmoja, nukta tokomeo ni nyingi: kuchora vichochoro vya Mji Mkongwe vikaaminika

#1 Mkaa wa Shangani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Picha nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinazotundikwa kwa ajili ya wageni zina kasoro moja inayojirudia: uchochoro umechorwa kama njia ya reli. Kuta mbili zimenyooshwa kwa rula, zimekwenda zikikaribiana hadi zikakutana katika nukta moja katikati ya karatasi, milango ya kuchonga imepangwa kulia na kushoto, na mbele amewekwa mtu aliyevaa kanzu. Mgeni atainunua na kuondoka nayo. Lakini aliyezaliwa Kiponda au Mkunazini akiitazama atajua papo hapo kwamba hapo sipo, ingawa pengine hataweza kueleza ni kitu gani hasa kinachomkera.

Kinachomkera ni kanuni sahihi iliyotumiwa pasipo mahali pake. Kanuni yenyewe husema kwamba mistari iliyo sambamba, inapokwenda mbali na mtazamaji, huonekana kukutana mahali pamoja, ambapo katika uzi huu nitapaita nukta tokomeo. Sharti lake ni kwamba mistari hiyo iwe sambamba kwelikweli. Nyumba za Mji Mkongwe hazikupangwa kwa kufuata mitaa iliyochorwa kwanza. Kila mwenye nyumba alijenga kwa kutazama kiwanja chake, jirani yake na upana wa vyumba, ambao nao ulibanwa na urefu wa boriti za mikoko, na njia ikawa ile nafasi iliyosalia baina ya nyumba na nyumba. Kwa hiyo ukuta wa kushoto hauko sambamba na ukuta wa kulia, na si ajabu kuona ukuta wa nyumba moja ukibadili uelekeo katikati yake. Kila uelekeo una nukta tokomeo yake. Kinachoziunganisha nukta hizo zote ni kwamba, maadamu mistari yenyewe imelala bapa kama vizingiti, mikanda ya sakafu na kingo za baraza, nukta hizo hukaa juu ya mstari mmoja tu, nao ni upeo wa macho.

Basi tuanze na upeo, kwa sababu ukikosea hapo hakuna rula itakayokuokoa. Upeo ni usawa wa jicho lako wewe unayechora, na hapa kwetu tumejaaliwa kuuona wazi. Simama Forodhani uitazame bahari: ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu uko sawasawa na jicho lako. Chutama, nao utashuka pamoja nawe. Panda juu ya dari la nyumba yoyote ya karibu, nao utapanda hadi uonekane juu ya milingoti ya vyombo ambavyo ulipokuwa chini vilikuwa vimeukata. Ndani ya uchochoro huioni bahari, lakini mstari huo upo palepale umepita kwenye kuta, na kazi yako ya kwanza ni kuuchora kwa penseli hafifu kabla ya kuchora kitu kingine chochote.

Faida yake huonekana mara tu unapoingiza watu. Ukichora ukiwa umesimama, watu wazima wote wa kimo chako walio kwenye ardhi tambarare watakuwa na macho yao juu ya mstari huo, awe aliye hatua tatu mbele yako au aliye mwisho wa njia. Kinachobadilika ni miguu tu, ambayo ya aliye mbali hupanda kuukaribia upeo. Ukichora ukiwa umekaa barazani, jicho lako litakuwa kiasi cha mita 1.2 kutoka chini, kwa hiyo upeo utawakata wote waliosimama kwenye usawa wa kifua. Mchoraji anayeshusha vichwa vya watu wa mbali kwa kukisia huishia na watu waliozama ardhini au watoto waliovaa nguo za wazee wao.

Sasa kuta. Shika penseli kwa mkono ulionyooka, fumba jicho moja, uilaze penseli juu ya mstari wowote mrefu wa ukuta ambao unajua kwamba kwa asili umelala bapa, kwa mfano safu ya vizingiti vya juu vya madirisha. Ufuate uelekeo huo hadi ukutane na upeo wako, kisha utie alama ndogo. Fanya hivyo kwa ukuta wa pili, na wa tatu. Utaona alama zikitawanyika. Ukuta wa kushoto ulio karibu pengine utatia alama yake kidogo kulia kwa katikati, wa kulia utatia yake kidogo kushoto, na pale njia inapokata kona kwenda kulia, ukuta unaokukabili utakuwa na nukta iliyokwenda kulia kabisa, pengine nje ya karatasi. Huko kukaa nje ya karatasi ndiko kunakomfanya mtazamaji ahisi kwamba njia inaendelea baada ya kona. Mistari iliyo chini ya jicho, kama kingo za baraza, hupanda kuelekea nukta yake. Iliyo juu ya jicho, kama roshani na mapaa, hushuka. Na ule ulio sawa na jicho haupandi wala haushuki.

Tatizo la pili ni ukaribu. Katika njia yenye upana wa hatua chache tu, mchoraji hutaka kuonesha kila kitu, kuanzia kizingiti cha mlango hadi ukingo wa paa, na picha hupotoka kwenye pembe zake. Macho hustahimili eneo la kiasi cha nyuzi 60 kwa jumla, yaani nyuzi 30 kila upande wa pale unapotazama. Ukivuka hapo, mraba huanza kuonekana kama umevutwa. Fanya hesabu ndogo. Ukuta una urefu wa mita 10, jicho lako liko mita 1.6, nawe umesimama mita 4 kutoka ukutani: ncha ya paa iko zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo. Ili iingie ndani ya zile nyuzi 30, ungelazimika kurudi nyuma karibu mita 14 na nusu, na huko nyuma kuna nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo chagua. Kata mapaa, uchore mlango, baraza na nusu ya roshani, uache upenyo mwembamba wa anga kule mbali ambako kuta zimeshashuka. Mimi huona karatasi iliyosimama wima ikifaa zaidi ya iliyolala, ingawa najua wauzaji wa fremu hawapendi kusikia hivyo.

Anayetaka kuijua kanuni katika hali yake safi kabla ya kuingia vichochoroni na aende Michenzani. Yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 yamenyooka, yako sambamba na barabara, na madirisha yake yanarudiarudia kwa kipimo kimoja. Hapo nukta moja inatosha, na hapo ndipo pa kujifunzia kugawa masafa, kwa sababu kukisia nafasi za madirisha yanayokwenda mbali ndiko kunakowashinda wengi. Chora mstari wa wima wa kwanza na wa pili kama unavyoviona, uviunganishe juu na chini kwa mistari inayokwenda kwenye nukta tokomeo. Tafuta katikati ya ule wa pili. Kisha kutoka ncha ya juu ya ule wa kwanza, vuta mstari upite katikati hapo hadi ugonge mstari wa chini: hapo ndipo unaposimama wima wa tatu. Rudia. Masafa yatapungua yenyewe kwa uwiano ulio sahihi, bila ya kupima chochote. Njia hiyohiyo hugawa nguzo za chuma za veranda za Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la hapa Forodhani, ambako kosa dogo katika nguzo ya tatu huonekana kama ufa katika nguzo ya kumi.

#2 Penseli ya Gizenga

Waalaykum salaam. Nimeusoma uzi wote kwa makini, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wanaouza kwa wageni, naomba niulize bila ya hasira. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na upeo wala nukta, na hadi leo picha za mtindo wake zinauzika kuliko za sisi tunaohangaika na rula. Kwa nini basi tujitese? La pili, wengi wetu hatuwezi kukaa njiani kuchora kwa sababu ya mikokoteni, vespa na waongoza wageni, kwa hiyo tunapiga picha kwa simu na kuchorea nyumbani. Je, picha ya simu si tayari ina vipimo vyote ndani yake?

#3 Mkaa wa Shangani

Bwana Penseli, swali lako la kwanza ni la haki kabisa. Mtindo wa Tingatinga haukusudii kukuonesha umbali; ndege na chui wake wamelazwa juu ya rangi moja tulivu, na kila kitu ndani ya picha kinaifuata amri hiyo. Hakuna anayesimama mbele yake akaona kitu kimekaa upogo. Ninachokisema kinamhusu yule ambaye ameshaamua kuchora kina, kwa sababu mlango wenye nukta moja na baraza yenye nukta nyingine katika ukuta uleule mmoja haviwi Tingatinga wala haviwi Mji Mkongwe.

Kuhusu simu, kamera yake kuu huona eneo pana kuliko jicho linavyolitulia, kwa hiyo vya karibu huvimba na vya mbali hukimbia. Dawa ni kurudi nyuma kadiri njia inavyoruhusu na kutumia sehemu ya kati tu ya picha. Lililo baya zaidi ni kuiinua simu ili paa liingie, kwani mara tu unapoiinamisha, kuta za wima huanza kukaribiana kwenda juu na nukta nyingine ya tatu huzaliwa angani. Ukinakili hivyo huku mistari ya chini umeichora kwa mazoea yako ya kawaida, nyumba itaonekana inaanguka kwa nyuma. Shika simu wima kabisa, hata kama nusu ya picha itakuwa ni sakafu. Angalizo moja tu: mnara wa msikiti wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, umechongoka wenyewe, umejengwa hivyo tangu awali, kwa hiyo usije ukaunyoosha ukidhani ni kosa la kamera.

Kwa Beit al-Ajaib sasa hatuna budi kutegemea picha za zamani, kwani sehemu ya jengo hilo la mwaka 1883 iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kabla ya kunakili picha yoyote ya zamani, tafuta kwanza mpigaji alisimama wapi: vuta mistari miwili ya veranda hadi ikutane, na hapo utapata usawa wa jicho lake. Ukitaka kuongeza watu wa leo mbele ya jengo, watii upeo wake, si wako.

#4 Mwanafunzi wa Mkoani

Maalim Mkaa, shikamoo. Mimi niko Pemba, na huku kwetu hakuna tambarare. Nimekuwa nikijaribu kuichora barabara inayoteremka kwenda bandarini Mkoani, nikiwa nimesimama juu. Nimefuata upeo na nukta kama ulivyoeleza, lakini kila nikichora, barabara inaonekana imelala sawasawa, na gati linaonekana kama liko mtaa wa pili. Ni kitu gani kinachokosekana?

#5 Mkaa wa Shangani

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo sisi wa mjini hatulipati kirahisi, na jibu lake linafaa kuelezwa polepole.

Barabara inayoteremka haijalala bapa, kwa hiyo nukta yake haikai kwenye upeo. Nukta ya mteremko hukaa chini ya upeo, na nukta ya mpando hukaa juu yake, kila moja ikiwa kwenye mstari wa wima unaopita katika nukta ya upeo ya uelekeo uleule. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo nukta inavyoshuka zaidi. Lakini nyumba zilizoko kando ya barabara hiyo hazikuteremka pamoja nayo: fundi aliweka msingi, akasawazisha kwa pima maji, na vizingiti vya madirisha vimelala bapa kama vya nyumba nyingine yoyote. Kwa hiyo mistari ya nyumba inakwenda kwenye upeo, mistari ya barabara inakwenda chini ya upeo, na kutoelewana huko baina ya ukuta na njia ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba hapa panateremka. Tazama msingi wa nyumba yoyote ya hapo: upande wa juu wa mteremko umefichika ardhini, upande wa chini umetoka nje hata umewekewa ngazi. Kipembe hicho kilichobaki baina ya msingi na barabara ukikichora vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu nyingine ni bahari. Umesimama juu, jicho lako liko juu, basi na upeo wa bahari uko juu pamoja nawe. Wanaoanza huichora bahari chini kwa sababu wanajua kwamba bandari iko chini. Lakini ukitazama kwa jicho moja utaona mstari wa bahari umesimama juu ya mapaa ya nyumba za chini na juu ya gati lenyewe, ambalo limelazwa katikati ya maji yanayoonekana kama ukuta wa buluu. Upandishe mstari huo hadi mahali pake, nalo gati litashuka lenyewe.

#6 Fundi Ramani

Niruhusuni nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi. Penseli iliyoshikwa kwa mkono ulionyooka hutetemeka, na kila ukigeuza shingo unakuwa umehama. Kwa uchochoro wenye kona, mimi husisitiza kifaa: fremu ya mbao nyembamba, upana wa karatasi yako, iliyofungwa mshipi wa kuvulia kwa wima na kwa mlalo hadi ikawa na vyumba vya mraba, na karatasi iliyochorwa vyumba hivyohivyo kwa penseli hafifu. Funga uzi katikati ya fremu, utie fundo mwisho wake, na fundo hilo ulibane kwa meno kila unapotazama, ili jicho libaki katika umbali uleule. Kisha nakili kila mstari unaouona ukikata mshipi: umekatia wapi, kwenye chumba gani, robo au nusu.

Si uvumbuzi wangu. Albrecht Dürer wa Ujerumani alichapisha michoro ya vifaa vya namna hii katika kitabu chake cha vipimo cha mwaka 1525, na kabla yake Leon Battista Alberti, mwaka 1435, alikwishaeleza kwamba picha ni mkato wa miale inayotoka kwenye vitu kuja kwenye jicho. Elimu ya miale hiyo nayo ilikuwa imesomwa Ulaya kupitia tafsiri ya Kilatini ya Kitab al-Manazir cha Ibn al-Haytham, aliyeishi Misri katika karne ya 11 na aliyethibitisha kwa majaribio kwamba nuru huingia jichoni, wala jicho halirushi chochote nje. Ukiitazama ile fremu ya mshipi, unauona mkato wenyewe umesimama mbele yako.

Kwa nukta zilizo nje ya karatasi, bandika karatasi juu ya ubao mrefu, piga msumari mahali pa nukta, funga uzi kwenye msumari na uutumie badala ya rula. Hakuna haja ya kuisogeza nukta ndani kwa sababu tu karatasi imekwisha. Kuisogeza huko ndiko kunakozaa zile nyumba zenye pembe kali kama ncha ya jembe.

#7 Mkaa wa Shangani

Fundi Ramani, nakubali kuhusu uzi na msumari, na kwa anayeanza fremu itamfunza haraka kuliko maneno yangu. Ila asiifanye kuwa mkongojo. Uchochoroni watu hupita, na hakuna atakayekusubiri ubane fundo kwa meno.

#8 Penseli ya Gizenga

Nimekuelewa kuhusu simu. Bado moja tu: vivuli. Picha zangu za jioni Forodhani kila mtu anasema vivuli vyake havijatulia.

#9 Mkaa wa Shangani

Jioni Forodhani jua liko mbele yako, linashuka baharini. Tia alama kwenye upeo, chini kabisa ya jua kwa wima. Kutoka alama hiyo vuta mstari upite kwenye mguu wa nguzo, uendelee kuja kwako: huo ndio uelekeo wa kivuli. Kisha kutoka kwenye jua lenyewe vuta mstari upite kwenye ncha ya nguzo hadi uukute ule wa kwanza: hapo kivuli kinakoma. Vivuli vya nguzo mbalimbali havitakuwa sambamba katika karatasi, bali vitatawanyika kuja mbele kutoka kwenye alama ile moja, na bila shaka hapo ndipo unapovinyoosha vyote upande mmoja.

Ndani ya mji saa sita mchana hali ni nyingine. Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hutusimamia utosini. Siku hizo roshani na michirizi ya mapaa huangusha kivuli chake moja kwa moja chini ya ukuta, na mtu husimama juu ya kivuli chake mwenyewe.

Na ukichora madimbwi baada ya mvua ya masika, kumbuka kwamba taswira ndani ya maji haianzii kwenye ukingo wa dimbwi. Huanzia pale ukuta unapogusa ardhi, ikashuka kwa kimo kilekile ambacho ukuta umepanda, na dimbwi ni kijidirisha tu kinachoonesha kipande chake. Roshani iliyo juu sana itaonekana katika dimbwi lililo karibu na miguu yako. Katika lile lililo chini ya ukuta hutaiona, utauona mlango.